Muuaji Wako Anakata Vichwa vya Sambaza

Kijana mmoja wa Majengo, hapa Goma, ameniandikia. Barua nimeifupisha na jina nimeliacha:

"Mwalimu, jambo. Nimeandika senario ya filamu fupi, dakika 12, kuhusu muuaji wa kukodiwa. Anaitwa Kimya. Ana koti refu la ngozi na miwani nyeusi, na anaua watu tisa. Niliwasomea wenzangu sita, wawili wakasinzia. Kitu pekee walichokumbuka ni pale anapokaa uani akikata vichwa vya sambaza, na mimi nilikuwa nataka kuitoa sehemu hiyo maana haina kazi. John Wick nimeziangalia zote nne. Kwa nini yule anakumbukwa na wangu hapana? Na mwishoni afe au asife? Wenzangu wanasema akteri, yaani mhusika mkuu, hafi."

Mdogo wangu, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, zibaki. Cha kutoa ni maiti. Toa saba, bakiza wawili, na kama una moyo bakiza mmoja.

Wenzako hawakusinzia kwa kutojua sinema. Kifo kwenye filamu ni jambo la sekunde mbili: mlio, mtu anaanguka, basi. Vifo vikifika vitano mtazamaji anaanza kuhesabu, na anayehesabu haogopi tena. Sasa chukua mtu ambaye tumeambiwa ataua jioni. Saa hizi ni saa tisa mchana. Amekaa kwenye kigoda, beseni liko miguuni, anakata vichwa vya sambaza kimoja kimoja na kuvipanga kando. Hapo nani atasinzia? Tena jiulize: ni nani Goma hii anayekata vichwa vya sambaza? Sisi tunazikaanga nzima, tunakula na kichwa na mkia. Mtu anayekaa nusu saa akitoa vichwa vya samaki wadogo kama kidole ana jambo lake. Wewe uliliandika bila kujua, wenzako wakaliona.

Kazi ya muuaji wa kukodiwa, ukiitazama vizuri, ni kungoja. Anangoja simu, anangoja giza liingie, anangoja mtu fulani atoke mlangoni. Kuua kwenyewe ni sehemu ndogo ya siku yake. Wauaji tunaowakumbuka ni wale ambao waongozaji wao walituonyesha zile saa nyingine.

Ukiwa na nafasi ya kuangalia filamu moja tu kabla ya kurudia senario yako, iwe Le Samouraï ya Mfaransa Jean-Pierre Melville, ya 1967. Inaanza na chumba cha kijivu, mwanga hafifu. Mwanzoni unadhani hamna mtu. Kisha moshi wa sigara unapanda kutoka kitandani, ndipo unagundua kuna mtu amelala. Katikati ya chumba kuna tundu la ndege, na ndege mdogo anapiga sauti moja ile ile. Yule aliyelala ni Jef Costello, aliyechezwa na Alain Delon. Anainuka, anavaa koti na kofia, anapitisha vidole kwenye ukingo wa kofia mbele ya kioo, anatoka. Barabarani anaingia katika Citroën DS ambayo si yake, anatoa pete kubwa yenye funguo nyingi, anailaza kitini kando yake, anajaribu ufunguo mmoja baada ya mwingine. Macho yake hayako kwenye funguo. Yanatazama mbele, kwenye kioo chenye matone ya mvua, kama mtu aliye kwenye foleni benki. Karibu dakika kumi zinapita kabla mtu yeyote hajasema neno.

Hakuna aliyekufa bado, lakini Jef umeshamjua. Mwizi wa kawaida angetokwa jasho. Huyu anahesabu funguo jinsi mama anavyochambua mchele. Zile funguo ndizo sambaza zako.

Na yule ndege, usimchukulie kama pambo. Polisi wanaingia chumbani Jef akiwa hayupo, wanaficha chombo cha kusikilizia. Jef anaporudi anamkuta ndege ana wasiwasi, manyoya yamedondoka, na hapo hapo anajua kuna mgeni aliyepita. Kwa hiyo tundu moja limefanya kazi tatu: limetuonyesha mtu asiye na mwenzake, limetuonyesha kwamba hata mtu huyo anakumbuka kununua mbegu, kisha limemwokoa. Ndege mmoja na chumba kimoja. Bajeti hiyo unayo.

(Filamu inafunguliwa na maneno mazito kuhusu upweke wa samurai, yule mpiganaji wa Japani ya kale, yakisemekana yametoka katika kitabu cha Bushido. Melville aliyatunga mwenyewe. Nimewahi kumsikia mtu akiyanukuu kwenye hotuba ya harusi, na bwana harusi akatikisa kichwa kwa kukubali.)

Desturi ya kumpa muuaji kitu cha kutunza haikuanzia kwa Melville. Mwaka 1942 Wamarekani walitoa This Gun for Hire. Alan Ladd, wakati huo hajawa na jina, alicheza muuaji aitwaye Raven ambaye asubuhi, kabla ya kwenda kazini, anamwekea paka maziwa. Mfanyakazi wa nyumba ile anamfukuza paka, na Raven anamgeukia kwa ukali hadi nguo ya yule dada inachanika. Siku ile ile Raven anaua watu wawili, na uso wake haubadiliki. Paka kapata huruma, binadamu kakosa. Filamu ilitoka katika riwaya ya Graham Greene ya 1936, yule yule Mwingereza aliyekuja Kongo ya Wabelgiji mwanzoni mwa 1959 na kukaa kwenye kituo cha wagonjwa wa ukoma Yonda, karibu na Mbandaka ya leo, akaondoka na riwaya nyingine kabisa. Paka huyo wa 1942 ana wajukuu wengi.

Mjukuu ninayempenda mimi si mnyama, ni mmea. Nilimwona Léon mara ya kwanza Birere, mtaa wa hapa Goma, miaka ya tisini, katika chumba cha video chenye mabenchi ya mbao na jenereta iliyokuwa inakohoa nyuma ya ukuta. Lava ya mlima Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita pale, chumba hakipo tena. Filamu yenyewe, ya Luc Besson, ni ya 1994. Jean Reno, aliyezaliwa Casablanca kwa wazazi Wahispania, ni muuaji wa New York asiyejua kusoma, anayekunywa maziwa kama mtoto wa shule na kulala kwenye kiti, jicho moja nusu wazi. Kila asubuhi anautoa mmea wake dirishani upate jua, anafuta jani moja moja kwa kitambaa. Anamweleza Mathilda, yule msichana wa jirani aliyechezwa na Natalie Portman katika filamu yake ya kwanza, kwamba mmea ni rafiki yake mkubwa: hauulizi maswali, na hauna mizizi ardhini, kama yeye.

Umri wangu wakati huo ulikuwa kama wako. Nilitoka pale nimesahau karibu risasi zote zilizopigwa. Kitambaa kile kwenye majani sikukisahau. Kuna mambo kati ya mtoto yule na mtu mzima yule ambayo leo yananikera, nisikufiche. Ukiangalia toleo refu yatakukera zaidi. Lakini mmea ni somo tosha.

Besson mwenyewe aliufikia mmea huo kwa njia ya kuzunguka. Katika filamu yake Nikita, ya 1990, Jean Reno anaingia kwa dakika chache kama Victor, mtu anayeitwa kusafisha kazi iliyoharibika. Victor hana mmea, hana maziwa, ana tindikali tu, na anatisha vizuri. Mwongozaji alimpenda Victor, akamfikiria, akarudi baada ya miaka minne na mtu yule yule aliyepewa nyumba ya kukaa na kitu cha kumwagilia. Linganisha hao wawili utaona tofauti kati ya muuaji anayetisha na muuaji unayembeba kwenda naye nyumbani.

Sasa John Wick wako. Umeona yote manne, 2014 hadi 2023, na unadhani siri ni bastola. Rudia ya kwanza, dakika za mwanzo. Mtu amefiwa na mke. Jioni analetewa sanduku, ndani yake mbwa mchanga, zawadi aliyoiagiza marehemu kabla hajafa ili mumewe asibaki peke yake. Mbwa huyo anauawa na vijana wezi wa gari, na filamu nne za vurugu zinasimama juu ya kaburi lake dogo. Bila mbwa ungekuwa unaangalia mazoezi ya viungo. Mazoezi hayo, kwa kweli, ni bora sana: Chad Stahelski, aliyeongoza, alikuwa mtu wa kucheza sehemu za hatari, ndiye aliyekuwa akimkingia Keanu Reeves katika The Matrix. Anajua mwili unavyoanguka. Wewe na mimi hatuna Stahelski. Tuna kigoda na beseni.

Na kama bado unaona chakula ni jambo dogo mno kwa muuaji, mwaka ule ule wa Jef Costello, 1967, Mjapani Seijun Suzuki alitoa Branded to Kill. Muuaji wake, wa tatu kwa cheo katika nchi nzima, anapandwa na ashiki akinusa mvuke wa wali. Mvuke wa wali! Kampuni ya filamu ilimfukuza Suzuki mwaka uliofuata, ikisema kazi zake hazieleweki. Leo wanafunzi wa sinema dunia nzima wanakumbuka lile sufuria.

Utaniuliza: basi kila muuaji apewe kitu cha kufuga? Hapana. Ukishaijua desturi, unaweza kuivunja, na mtu aliyeivunja vibaya kuliko wote ni Anton Chigurh.

No Country for Old Men, ya ndugu Coen, ni ya 2007, kutoka riwaya ya Cormac McCarthy. Javier Bardem, Mhispania, alipata Oscar kwa ajili yake. Chigurh hana ndege, hana mmea, hana hata chumba. Silaha yake ni mtungi wa hewa wenye bomba, kile chombo cha machinjioni cha kuangushia ng'ombe. Daktari wa akili wa Ubelgiji, Samuel Leistedt, na mwenzake walipitia filamu 400 wakitafuta wahusika wasio na dhamiri waliochorwa kama walivyo katika maisha. Katika utafiti wao uliotoka 2014 walimweka Chigurh miongoni mwa walio karibu zaidi na ukweli. Wengi wa wale wengine, wenye vicheko na akili za miujiza, walionekana ni hadithi tu.

Lakini mimi nataka uangalie sehemu moja tu: duka la mafuta barabarani, Texas, 1980. Mzee mwenye duka anauliza swali la kawaida, kama mvua ilinyesha huko alikotoka mgeni. Swali la adabu, kama sisi tunavyouliza habari za safari. Chigurh analichukua swali hilo kama kosa. Anakula korosho, anaukunja mfuko wake, anauweka mezani. Mfuko unaanza kujikunjua wenyewe polepole, kriik, kriik, na kamera inautazama. Kisha anatupa sarafu na kumwambia mzee achague upande. Mzee anauliza anashindania nini, na hajibiwi sawasawa. Sarafu ni ya mwaka 1958, imesafiri miaka 22 kufika pale, na sasa ni kichwa au mgongo.

Mzee anachagua, anapatia, Chigurh anaondoka. Hakuna aliyekufa! Ndiyo sehemu inayozungumzwa kuliko zote katika filamu yenye maiti kila kona. Muziki karibu hausikiki. Ni watu wawili, meza, mfuko wa korosho na sarafu. Nimewaonyesha wanafunzi wangu mara nyingi, na kila mara ukifika ule mfuko chumba kizima kinaacha kupumua.

Usiinakili sarafu, tafadhali. Nimepokea senario tatu za vijana wa hapa zenye muuaji anayetupa sarafu, na sisi Kongo sarafu hatutumii. Yule mwigizaji angeitoa wapi, kwenye jumba la makumbusho? Tafuta ya kwetu. Mimi nimewahi kufikiria dola iliyochanika. Unajua mwenyewe: noti ya dola ikiwa na mpasuko mdogo kama ukucha, kambisti, yule mbadilisha pesa, anairudisha, duka linairudisha, hata mama wa makaa anairudisha. Hebu mweke Kimya amelipwa kazi yake kwa noti mia moja moja, na moja imechanika pembeni. Anaingia dukani kununua mafuta ya kukaangia sambaza. Anaiweka mezani. Mwenye duka anaitazama noti, anamtazama mtu. Sisi watazamaji tunajua pesa ile imetoka wapi. Mwenye duka hajui. Aipokee au aikatae? Hapo una dakika tatu ambazo hakuna mtu Goma atakayesinzia, na hujapiga hata risasi moja.

Kuhusu koti la ngozi nitakuwa mfupi. Delon alivaa koti la mvua tu, na Paris ya filamu ile ilikuwa inanyesha. Tom Cruise katika Collateral ya Michael Mann, 2004, ana suti ya kijivu na nywele za kijivu. Unaweza kukaa naye kwenye lifti usimkumbuke. Yule wa The Day of the Jackal ya 1973, aliyechezwa na Edward Fox, ni Mwingereza msafi wa kawaida anayebadilisha pasi na majina, na ndiyo maana polisi wa Ufaransa wanamkosa kila hatua. Muuaji anavaa ili asionekane. Kimya akipita Birere saa saba mchana na koti refu jeusi, watoto watamfuata kwa makelele hadi kwenye mzunguko. Mvalishe koti la mvua la motari, yule dereva wa pikipiki ya abiria. Hakuna mtu katika mji huu anayemtazama motari usoni.

Nimemtaja Jackal, basi nikupe faida yake moja. Anataka kumuua de Gaulle, rais wa Ufaransa, mwaka 1963. Kila mtu aliyeingia ukumbini mwaka 1973 alijua de Gaulle hakuuawa, kwamba alifia nyumbani kwake 1970. Bado watu waliketi kwenye ncha ya kiti. Fred Zinnemann aliweza kwa sababu alituonyesha ufundi: jinsi cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyekufa kinavyogeuzwa kuwa pasi, jinsi bunduki inavyofichwa ndani ya gongo la mlemavu, na lile tikiti lililochorwa uso na kutundikwa msituni, risasi ya kwanza haikugonga katikati, akakaza skrubu kidogo, akapiga tena. Ukimwonyesha mtu akifanya kazi kwa makini, mtazamaji anajikuta anamtakia afanikiwe, hata kama kazi yenyewe ni ya kishetani. Ni aibu, lakini ndivyo tulivyo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuuliza, na pengine ndilo lililonifanya nijibu kwa urefu. Kimya wako anaongea lugha gani?

Katika senario yako kuna ukurasa ambapo anapokea simu na kusema maneno mengi. Umeandika kwa Kiswahili, sawa. Lakini siku ya kupiga picha mwigizaji atafungua mdomo, na katika mji wetu mtu akifungua mdomo ameshasema ametoka wapi. Lingala, watu wataona askari. Lafudhi ya upande fulani wa mpaka au wa kilima, watu wataona kabila, na kabla filamu haijaisha nusu ya ukumbi watakuwa wameshahukumu majirani zao. Hapa kwetu neno "muuaji" si la sinema peke yake. Wapo watakaokaa kwenye benchi lile la mbele ambao wamezika. Ukimpa Kimya kabila, hata kwa bahati mbaya, umeandika kitu kibaya ambacho mimi sitakusaidia kukirekebisha.

Jef Costello hasemi, na kwa Melville huo ulikuwa mtindo. Kwako wewe ukimya ni ulinzi, na jina umeshampa. Mfanye astahili jina lake.

Kama unataka kuona lugha ikichezewa kwa akili, tafuta Ghost Dog ya Jim Jarmusch, 1999. Forest Whitaker ni muuaji wa mafia anayeishi juu ya paa na njiwa zake (mjukuu mwingine wa paka) na kusoma Hagakure, kitabu cha kale cha samurai. Rafiki yake mkubwa ni Raymond, muuza aiskrimu kutoka Haiti, aliyechezwa na Isaach de Bankolé wa Abidjan. Raymond anajua Kifaransa tu, Ghost Dog anajua Kiingereza tu. Hawaelewani neno, na kila mmoja anasema kitu kile kile ambacho mwenzake amemaliza kusema. Wamarekani walihitaji maandishi chini ya picha ili wacheke. Sisi tulioangalia Goma tulicheka mapema, tukielewa upande ambao Ghost Dog hauelewi. Filamu chache za kule zimewahi kutuachia sisi kiti cha mbele namna hiyo. Na katika mji wenye lugha sita sokoni, wazo kama hilo linakusubiri: Kimya na jirani yake mzee wasioelewana, wanaopeana chumvi.

Umeuliza: afe? Pale Birere sheria ilikuwa ile ile ya wenzako, akteri hafi. Mtu akipigwa risasi tatu na bado tunaonyeshwa uso wake, tulia, atainuka. Siku ile ya Léon alikuwa anatembea kwenye ukumbi mrefu wa jengo, amejeruhiwa, amevaa nguo za polisi, mlango uko mbele yake umejaa mwanga mweupe. Hapo hapo jenereta ikazima. Mafuta yalikwisha. Mwenye video akasema filamu imeisha, rudini nyumbani, ameponyoka. Tukamwamini. Kwa miaka kadhaa niliishi katika dunia ambayo Léon alitoka mlangoni akawa mkulima mahali fulani, na niligombana na mwanafunzi mmoja wa Bukavu hadi karibu tupigane, yeye akisema amekufa. Nilipokuja kuiona hadi mwisho, nikaona risasi ya mgongoni, nikaona Mathilda akichimba udongo wa shule na kuupanda ule mmea upate mizizi, nilinyamaza siku nzima. Sikumtafuta yule wa Bukavu kumwomba radhi. Ningepaswa.

Kwa hiyo swali la kufa lisikusumbue lenyewe. Angalia kama mwisho unatoka katika yale tuliyomwona akiyafanya. Jef anarudi kwenye klabu mbele ya watu wote na kumwelekezea bastola mpiga piano ambaye yeye Jef amelipwa amuue. Polisi wanampiga risasi. Kamishna anafungua bastola ya Jef na haina hata risasi moja. Mtu aliyepanga kila kitu amepanga na hili. Vincent wa Collateral alimsimulia dereva wa teksi habari za mtu aliyekufa kwenye metro ya Los Angeles akazungushwa saa nyingi bila abiria kugundua. Mwishoni ni Vincent aliyekaa kwenye kiti cha treni, kichwa kimeinama, alfajiri inaingia. Chigurh anagongwa na gari kwenye njia panda, mfupa unatokeza mkononi, ananunua shati la mtoto aliyekuwa kwenye baiskeli, anajifunga mkono, anaondoka kwa miguu. Hakufa, wala hakushinda, na kilichomgusa pale ni bahati, ile ile aliyokuwa akiwatupia wengine.

Kimya tunamjua kwa beseni. Mwisho wako unaweza kuwa kigoda kitupu, sambaza nusu zina vichwa na nusu hazina, na mtoto wa jirani anakuja kukaa na kuendelea pale ilipoachwa. Mji huu unajua kutazama sufuria lililoachwa jikoni. Mei 2021 tuliacha mengi mlima Nyiragongo ulipowaka. Huhitaji kutueleza ameenda wapi.

Bado la mwisho, na hili ni amri. Umeandika kwamba binamu yako ana bastola ya plastiki inayofanana kabisa na ya kweli na kwamba mtapigia picha barabarani jioni. Hapana. Bastola hiyo isitoke nyumbani. Aliye mita hamsini haoni plastiki. Mwone chifu wa mtaa kabla ya siku, mwambie majirani waambiwe, pigia picha uani, mchana. Silaha tusiione, tuione mikono ya Kimya ikiingia kwenye koti la mvua, kisha uso wa mwingine. Mlio utautia kwenye montaji, unapounganisha picha: rekodi mlango wa bati ukifungwa kwa nguvu, ushushe sauti kidogo.

Sambaza nunua asubuhi mapema, mitumbwi inaporudi kutoka ziwani. Nunua beseni mbili. Mwigizaji wako atavikata vichwa hivyo mara kumi kabla hujapata ile inayofaa, na baada ya mara ya nne paka wote wa Majengo watakuwa wamefika.